Gesi Iliyotoka Kabla ya Amina

Huruma, Eldoret.

Kwa Mzee Kinuthia, Mzee wa Kanisa,

Bwana asifiwe. Natumaini goti limepoa na mama anaendelea vizuri. Sisi tuko wazima, ila mimi sina amani. Joyline, karani wa kina mama, anataka nirudishe ufunguo wa jiko la kanisa, nilioubeba miaka kumi na moja. Eti nilitia maji kwa soda za wageni waliotoka kanisa la Soy. Ulimsikia yule mgeni mbele ya watu: "Mama, hii ni soda ama ni dawa ya kikohozi?"

Mzee, sikutia maji. Ni maombi yako. Nakueleza kwa heshima:

1. Uliposema "Tuombe" nilikuwa nimeshafungua chupa zote sitini, nikijua ni maombi ya chakula tu. Ukaombea chakula, mvua, mahindi, kaunti zote arobaini na saba, na walio angani kwa ndege. Ciru wangu wa kidato cha nne amenieleza: chupa ikifungwa, gesi inayotoka kwa soda na inayorudi ndani ni sawasawa. Ukifungua presha inashuka, na inayotoka inazidi inayorudi. Wewe kwa maombi ulikuwa bado Turkana.

2. Joto nalo linaifukuza. Kreti zilikuwa dirishani, kwa jua. Ulipofika Kisumu, chupa zilikuwa zimenyamaza.

3. Nilijaribu nyumbani kwa soda mbili. Moja nikaiacha na kifuniko, nyingine nikaifungua juani nikirudia maombi yako neno kwa neno. Ya wazi haikufika Machakos.

Kwa hivyo naomba Amina itangulie opena ya chupa. Ikishindikana, kila mgeni azibe mdomo wa chupa kwa kidole gumba mpaka umalize, hata Askofu. Ama kaunti ziombewe moja kila Jumapili. Mwaka utatosha, na wiki tano zibaki za ndege. Pia utangaze kanisani kwamba gesi iliondokea kwako, si kwangu.

Nisalimie mama, mwanao Muchiri, na waumini wote wa mtaa wa Pioneer.

Dada yako katika Bwana,
Wamucii, Mama Ciru.

N.B. Ciru anaanza mtihani wa kemia Jumatatu, na hata chakula amekataa. Jumapili mwombee kwa ule urefu wako wote, usiruke hata kaunti moja. Soda zikifa, zife. Ufunguo nitampelekea Joyline mimi mwenyewe. Tafadhali nijibu upesi.