Gazeti ya Mafuta Kwa Ukuta ya Fosia

Jumanne, 12 Juni 1979

Mbuzi amekula kona ya chini ya gazeti. Si kosa yake. Gundi nilipika na unga ya ugali, hata mimi ningelamba. Nimebandika tena juu kidogo, kando ya mlango ya hoteli ya Fosia, pale mtu wa kunywa chai hawezi kupita bila kuangalia. Maneno ya maana yote bado iko. MAFUTA YA DUNIA YAKARIBIA KWISHA. Chini yake picha ya magari ya Ulaya yamepanga laini kama ng'ombe kwa kisima.

Hii gazeti ilikuja imefunga sukari. Nilisoma pole pole, kidole chini ya kila neno, maana shule niliachia darasa la nne. Mwenye kuandika ni mtu wa huzuni sana. Anasema mafuta iko chini ya ardhi kama maji ndani ya mtungi, dunia yote inakunywa, na hakuna mtu anaongeza. Anasema lori zitasimama. Hapo nilirudia mpaka nikajua kwa kichwa.

Kwa sababu Nakuam ni turniboi, msaidizi wa dereva, kwa lori ya tajiri Samatar. Mimi nauza maji na punda. Sisi wote tunamtaka Akai, anayeosha vikombe kwa Fosia, na baba yake Mzee Lotukoi anaona lori tu. Sasa lori ikisimama, nani atabaki anatembea? Punda. Hata mtoto anaweza kuona.

Kitu moja ilinisumbua. Gazeti ilisema baada ya miaka thelathini. Miaka thelathini Nakuam atakuwa ameoa, amezaa, ako na wajukuu. Nikakata hapo na wembe. Hiyo kipande nikatupa kwa moto. Sasa inasema mafuta itaisha baada ya, halafu shimo.

Jumatano, 13 Juni

Wanasoma.

Fosia alikasirika kwanza. Alisema ukuta yake si ya ofisi ya DC, nani amebandika matangazo bila kumuuliza. Nilikuwa nyuma ya punda. Halafu akaona mtu anasimama kusoma, anachoka, anakaa, anaitisha chai. Akaongeza maji kwa sufuria. Baadaye akauliza kama taa yake pia inakunywa hiyo hiyo mafuta ya kwa gazeti. Wakamwambia ndiyo mama, yote ni ndugu. Akapunguza utambi na ilikuwa mchana.

Mbae, dereva wa Peugeot ya miraa kutoka Meru, alisoma akiwa amesimama na akacheka mpaka miraa ikaanguka mdomoni. Alisema babu yake pia aliambiwa miraa ya Nyambene itaisha, na yeye leo amebeba nini? Alisema huyu mwandishi hana kazi, na hana bibi, angekuwa na bibi angekuwa na shida ya karibu. Lakini alipomaliza kucheka aliuliza hapa kwa shimo ilikuwa imeandikwa nini.

Mmoja akasema mwaka. Mwingine akasema mwezi, angalia shimo ni ndogo. Halkano, dalali wa ngamia, hata hakusimama kutoka kwa kiti. Alisema anaona kutoka pale alipo imeandikwa kabla ya Ramadhani, na ngamia zake zimepanda bei kuanzia leo.

Mimi hakuna mtu aliniuliza. Napenda hivyo.

Ijumaa, 15 Juni

Sasa wanajibu gazeti na makaa, kwa ukuta. Mtu ameandika UONGO. Chini yake mtu mwingine, Mwongo ni baba yako. Halafu, Na kiberiti je? Halafu mkono wa mtu aliyesoma vizuri, Hii ni mbinu ya Wazungu kupandisha bei, tusikubali. Mtu amechora lori inavutwa na punda. Hiyo nilipenda. Masikio ya punda ilikuwa fupi, nikaongeza.

Baada ya swala Samatar mwenyewe alikuja. Alisema salaam aleikum kwa watu wote, akasoma mara mbili, hakucheka. Alisema ni takataka, mwenye akili asisome takataka. Halafu akaenda moja kwa moja kwa stoo yake, akamwita Nakuam, na wakaviringisha madramu ya diseli yote ndani na kufunga na kufuli mbili. Hoteli nzima ilikuwa inaangalia. Mbae alilipa chai akaenda kutafuta petroli, na kila mwenye gari akamfuata.

Jioni petroli stesheni haina kitu. Gazeti leo inasema ukweli kuliko juzi.

Akai alitoka na karai ya vikombe. Yeye alifika darasa la saba, anasoma kama anakunywa maji. Alisoma gazeti, akasoma ukuta, akaweka kidole kwa shimo. Aliniuliza huyu mbuzi wa leo ananyoa ndevu na wembe gani, kwa vile amekata nyoofu hivi. Nikaangalia punda. Punda akaangalia Akai.

Jumapili, 17 Juni

Siku kubwa.

Baada ya kanisa Mzee Lotukoi alinishika bega. Yeye ndiye mlinzi wa stoo ya Samatar, na analinda hayo madramu bila kuelewa kwa nini sasa yamefungwa kufuli mbili. Hajui kusoma. Alisema, wewe mtoto wa Lokorio, nimesikia unajua herufi, hebu nisomee hii kitu inasumbua tajiri wangu.

Mimi mbele ya watu wawili nakosa mate. Lakini gazeti si mimi ninasema, gazeti inasema. Sauti ikatoka. Nilisoma kama katekista. Hapo kwa lori zitasimama nilisoma mara tatu, na mara ya tatu nikatikisa kichwa.

Alipouliza ni lini, nilisema karibu. Akauliza karibu ya kesho ama karibu ya mvua. Nikasema mzee, karibu sana.

Alitoa tumbako, akasahau kuitia mdomoni. Alisema tangu azaliwe anaona vitu vinaisha, nyasi, ng'ombe, majirani, lakini hakujua hata vitu vya Wazungu vinaisha. Huruma ilinishika kidogo. Halafu akaangalia punda wangu wawili na akasema punda ni mnyama mzuri.

Alisema hivyo, kwa mdomo yake.

Nilitaka kumwambia Akai kitu. Nilikuwa na maneno tayari tangu kona ya msikiti. Alikuwa kwa mlango na karai. Nikamwambia kesho nitaleta maji. Alisema anajua, ninaleta kila siku.

Jumanne, 19 Juni

Lori ya Samatar imesimama siku zote hizi. Tajiri hataki kufungua hata dramu moja. Nakuam anatembea na miguu hapa mtaani Kiwanjani kama sisi wengine, na watoto wanamfuata wakisema turniboi wa kwato. Alikuja kwangu kunawa uso. Nilimpa maji ya chini ya mtungi, ile ya mchanga.

Alinawa. Halafu akasema kaka, asante. Nakuam ana hiyo tabia ya kuwa mtu mzuri wakati mimi sijajitayarisha.

Kwa ukuta kuna mpya. Mtu ameandika, Mungu ataongeza. Na chini yake mwingine, Alikuambia lini?

Alhamisi, 21 Juni

Sijui naanzia wapi.

Mzee Lotukoi ameharakisha harusi. Ni Jumamosi hii, na bwana ni Nakuam.

Ilikuwa ingoje mpaka baada ya mvua. Mbuzi za Nakuam hazikuwa zimetosha, na mzee mwenyewe amesema mbele ya Fosia kwamba alikuwa hajamaliza kufikiria, pengine angekataa. Lakini tangu Jumapili hapati usingizi. Samatar anampeleka Nakuam kulinda duka yake ya Merti, na mama ya Nakuam ako huko huko. Mzee anasema Merti ni mbali. Lori zikisimama, msichana atafikaje kwa bwana yake? Na yeye atamwonaje? Kwa hivyo afike sasa, wakati bado kuna gari moja ya kutembea. Na dunia ikiwa inaisha mafuta, heri awe mahali kuna tajiri mwenye madramu.

Anaambia kila mtu ni mimi nilimfungua macho. Alinishika mkono na mikono yake yote miwili. Alisema watu wengine walisoma wakamficha.

Halafu akaniomba nilete maji ya harusi.

Nilimfuata mpaka stoo. Nikamwambia mzee, ngoja, gazeti ilisema miaka thelathini, mimi nilikata. Nilisema yote, kwa sauti, mbele ya kufuli. Alicheka kidogo, ile kicheko ya mtu mgonjwa akiambiwa atapona. Alisema anaona ninamtuliza, mimi ni kijana mpole, baba yangu pia alikuwa mpole. Akauliza hiyo karatasi ya thelathini iko wapi. Nikasema nilichoma.

Akanipa tumbako.

Ijumaa, 22 Juni

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya Akai kwa Fosia. Nilimwaga maji kwa pipa na nikachelewa kufunga punda makusudi.

Aliniuliza bila kuinua uso kwa shimo ilikuwa imeandikwa nini. Nikamwambia. Thelathini.

Mikono ikasimama ndani ya karai. Alisema miaka thelathini yeye atakuwa nyanya, na mimi nitakuwa bado kwa huo mlango na hao punda, bado sijafungua mdomo. Alisema baba yake alimuuliza mara mbili kama kuna mtu mwingine. Mara mbili alijibu angoje kidogo. Alikuwa anangoja mtu aseme. Badala yake mtu amebandika gazeti.

Fosia alikuwa amesimama ndani na sahani moja anapanguza, anapanguza.

Hapo ndipo ilikuwa wakati. Najua. Najua hata sasa nikiandika. Maneno ilikuwa hapa kwa koo, yote, imejipanga. Nikamwambia maji ya harusi iko tayari, nimeteka ya asubuhi, ni safi.

Alimwaga ile ya karai chini pole pole. Akachukua kikombe kingine.

Jumamosi, 23 Juni

Harusi ilikuwa nzuri. Maji ilitosha.

Samatar alifungua kufuli. Alitoa diseli kidogo, anapima na macho, anasimama, anaongeza kikopo, anasimama, kama mtu anatoa damu yake. Dereva alimwambia hii haifiki. Samatar alisema itafika, waende pole pole, na kwa mteremko wazime injini. Anaogopa ile shimo kuliko sisi wote.

Akai alikaa mbele. Hajawahi kukaa mbele kwa lori. Nakuam alimpa dirisha, yeye akapanda nyuma na magunia. Mzee Lotukoi alitembea kando ya gurudumu mpaka lori ikamshinda mwendo, na bado akaendelea kutembea.

Mimi nilikuwa nimeshika punda, kwa sababu wanaogopa injini.

Fosia alinipa chai ya maziwa mengi na akakataa pesa. Fosia kukataa pesa ni jambo kubwa. Nilikunywa nikiangalia ukuta. Mbae amepiga mstari na makaa kwa ile UONGO yake, ameandika SAMAHANI MWANDISHI. Peugeot yake iko Kiwanjani haina petroli ndani, na miraa imenyauka.

Jumapili, 24 Juni

Leo hakuna mpango. Nilipeleka maji. Kwa Fosia ni msichana mwingine anaosha vikombe, na ananisalimia kwa sauti kubwa. Nilirudi nikalala mchana.

Mzee Lotukoi alipita akaniuliza kama kuna gazeti nyingine, inayosema vizuri. Nikamwambia sijapata.

Jumatatu, 25 Juni

Watu wa ngamia wameingia alfajiri kutoka upande wa Gotu, njia ya Merti. Lori ya Samatar imesimama huko tangu Jumamosi. Diseli iliisha, kama dereva alivyosema. Wako chini ya kivuli ya lori, watu na magunia na bibi harusi, wanakunywa maji ya mto.

Samatar alikuja kwangu mwenyewe. Mimi, nyumbani kwangu. Alisema salaam aleikum, akaniita kijana yangu. Hakuna gari mji wote ya kupeleka diseli. Anayo ndani, lakini itaenda na nini? Akaangalia punda wangu. Alizunguka akaangalia hata kwato.

Sasa akili yangu imefunguka kabisa. Nilikuwa nimelia bure. Ona vile itakuwa: lori imekufa, Nakuam amekaa chini na mikono mitupu, na kwa mbali vumbi. Nani anakuja? Mimi. Akai ataona na macho yake ni nani anatembea katika hii nchi. Hakuna haja ya kusema kitu. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumwambia, nikaacha, kwani ya nini? Nimeenda kwa ukuta ya Fosia nikakata na wembe ile mstari ya lori zitasimama, nyoofu kabisa, na nimeibandika kwa mtungi wa diseli, upande wa kulia, ule atauona kwanza. Anasoma haraka. Ataelewa. Mzee Lotukoi pia akisikia ataelewa.

Gundi nimetia chumvi safari hii, mbuzi wasikaribie.

Naacha hapa, lazima niondoke. Jua imetoka, punda wamebeba, Samatar amesimama kwa mlango anapiga makofi ya haraka haraka. Gotu ni mbali kwa miguu, na bila hii diseli nimebeba, Akai hawezi kufika Merti kwa bwana yake.