Maji ya Mwisho Hayakaushwi

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya watu thelathini na mmoja. (Nguo za heshima. Kaptula ilibaki, ingawa nayo ina habari yake.)

Siku ilianza vizuri. Mke wangu, Mama Zawadi, alikuwa na jaribio la mwisho la kemia kwa njia ya mtandao. Anayelishinda anaandikishwa kwa mtihani wa kumaliza sekondari. Anayeshindwa anasubiri mwaka mwingine. Na Mama Zawadi amesubiri vya kutosha. Alikuwa darasa la mwisho vita vilipofika Kindu, mji wetu. Alikuwa na kalamu mbili mpya na sketi iliyopigwa pasi. Karatasi za mtihani hazikufika. Shule ikafungwa, na sisi tukafungwa nayo: reli kimya, mto kimya, mashamba hayaendeki. Sketi ile aliivaa mpaka ikaisha. Tangu hapo anauza katika duka la dawa la mtu mwingine kule mtaa wa Kasuku, anasoma maandishi madogo ya kwenye maboksi, na anataka kusomea ufamasia kabla macho hayajamkimbia.

Mimi nina digrii. (Ya fasihi. Nyumbani hatuingii sana katika mambo hayo madogo.) Kwa miezi mitatu nimejiita mwalimu wake msaidizi. Alipokariri elementi, mimi nilifumba macho na kutikisa kichwa, kama shehe anayesikiliza mwanafunzi wake.

Asubuhi nikafagia chumba, nikafukuza kuku, nikabandika karatasi mlangoni: KIMYA. MTIHANI. HAKUNA KUINGIA. Kwa mwandiko mzuri kabisa. Ikumbukeni karatasi hiyo.

Mwalimu wao, dada mmoja kijana aliye Bukavu, ana sheria fupi. Kamera wazi, sauti imefungwa. Mtu mwingine akionekana chumbani, jaribio linafutwa. Ukimaliza unapiga picha karatasi yako na kuituma. Kisha mwalimu anafungua sauti za wote, anakuuliza swali moja la mdomo, wote wakisikia.

Kwa saa moja na nusu nilikaa upande wa pili wa pazia la mlango. Nilikuwa mtulivu. Halafu nikachungulia. (Kumwombea tu.) Swali la mwisho lilihusu chumvi inayotolewa kwenye majivu ya majani ya mtoni: metali yake kubwa ni ipi? Mama Zawadi alikuwa ameandika, kwa herufi zake za mviringo: potasiamu.

Damu ikanipanda. Chumvi ni sodiamu! Hata mbuzi wa Alunguli, ng'ambo ya mto, wanajua! Nikaona miaka zaidi ya ishirini ya kusubiri ikizama kwa neno moja.

Nikalala chini. Nikatambaa. Mtu wa makamo, singleti, kaptula yenye tundu nyuma, nikapita chini ya karatasi yangu mwenyewe ya HAKUNA KUINGIA. Goti lililia mara mbili. Nikafika chini ya meza, nikamvuta kitenge.

"Sodiamu!" nikanong'ona. "Andika sodiamu, mama!"

Nisichojua ni kwamba karatasi ilikuwa imekwisha kutumwa. Nisichojua pia ni kwamba sekunde ile ile mwalimu alikuwa amefungua sauti.

"Mama Zawadi," kompyuta ikasema, "iko muntu chini ya meza yako?"

"Iko, mwalimu. Ule njo bwana yangu."

"Anafanya nini pale?"

"Hata miye najiuliza."

"Papa, toka tukuone."

Nikatoka. Nilikuwa na utando wa buibui kwenye paji la uso. Katika vile vijidirisha vya kompyuta, watu ishirini na tisa walikuwa wameinama kunitazama vizuri.

"Sheria inasema nifute jaribio," mwalimu akasema.

Mama Zawadi alishika kalamu yake kwa mikono miwili, na hapo ndipo aibu iliponiingia kweli. Vita havikuniuliza ruhusa kumnyang'anya mtihani wa kwanza. Huu wa pili nilikuwa naunyang'anya mimi, kwa magoti yangu mwenyewe.

"Mwalimu, kosa langu," nikasema. "Nifute mimi."

"Wewe haukuandikishwa, papa. Nikufute wapi?"

Akatazama karatasi aliyotumiwa. Akatazama tena. "Mama ameandika potasiamu. Papa anamunong'oneza sodiamu. Papa, umeleta jibu la uongo, na limechelewa. Hiyo si kusaidia. Hiyo njo kusumbua." Watu wakaanza kucheka. "Haya. Mama, nitakuuliza swali la nguvu. Papa akae pale, nimuone mikono."

Nikakaa. Mikono juu ya meza.

"Maji ya majivu, ukishayachuja, unayachemsha. Mbona haukaushi yote?"

"Kwa sababu chumvi ya kukula inaganda mbele, ya kwanza," Mama Zawadi akajibu, sauti imetulia. "Unaichota. Kabonati ya potasiamu inapenda maji sana, inabakia mule hadi mwisho. Yale maji ya mwisho sisi tulioshea masufuria. Ukikausha yote, unakula sabuni."

"Vizuri! Ulisoma wapi?"

"Kwa mama yangu, wakati wa vita. Chumvi ya duka ilipotea. Na nilijionea jaribio moja kwa macho."

Hapo nikakumbuka. Nikatamani kurudi chini ya meza.

"Jaribio gani?"

"Kulikuwa kijana mumoja, alirudi toka universite, anakuja kwetu kunichumbia. Mama akamuambia: chunga chungu, maji yakibaki kidogo, mwaga. Ye akasema kumwaga njo kupoteza, universite haifundishi vile. Akakausha yote. Tukatia kwa sombe ya majani ya muhogo, tukakula. Watu saba, mwalimu. Choo kimoja."

Mwalimu akauliza, kwa upole mkubwa: "Na ule kijana, iko wapi leo?"

Mama Zawadi akageuza kompyuta kwangu.

Sijawahi kusikia watu thelathini wakicheka kupitia spika moja ndogo. Mwalimu alifuta machozi, akasema, "Umeshinda, mama. Kajiandikishe."

Mama Zawadi hakuruka wala hakupiga kelele. Alifunga kalamu zake mbili kwa raba, akaenda chumba cha kulala. Nikamsikia akifungua sanduku, na baadaye kidogo pasi ikianza kupita juu ya kitambaa. Sketi mpya. Sikujua kwamba alishainunua.

Mchana akaniwekea sombe. Nikaonja. Haina chumvi.

"Mama Zawadi, chumvi?"

"Iko jikoni, kopo mbili: ya duka na ya majivu. Chagua mwenyewe, mwalimu musaidizi."

Nimekula hivyo hivyo. Anayetaka kucheka acheke, ila acheke kimya: kwangu bado kuna karatasi mlangoni.