Deni Halibaki Hapa

Jumatatu, 6 Septemba 2004

Barua kutoka benki. Kurasa tatu za Kiingereza, maandishi madogo kama sisimizi. Nimesoma ukurasa wa kwanza. Unatosha.

Benki yetu imeuza shughuli zake zote za kadi za mkopo kwa benki nyingine ya Dar es Salaam. Tarehe mosi Oktoba akaunti yangu inahamia huko. Kadi niliyonayo inakufa tarehe 30 Septemba. Nitaletewa kadi mpya yenye namba mpya.

Nikakaa kitako nikafikiri. Ninadaiwa laki tatu na tisini. Deni hilo liko kwenye kadi ya zamani. Kadi ya zamani inakufa. Nani amewahi kudaiwa na marehemu?

Elinipendo, mke wangu, alikuwa anawapimia wateja maziwa. Akaniambia nimalizie na kurasa mbili zilizobaki. Nikamjibu kwamba mambo ya benki yanataka kichwa, na kichwa cha nyumba hii kinajulikana. Akasema ndiyo, kinajulikana. Akaendelea kupima maziwa.

Jumatano, 8 Septemba

Nimekwenda benki kupeleleza. Dirishani yuko Monica, binti mpole. Nikamuuliza kwa ujanja, kama mtu anayemuulizia rafiki yake: benki ikiuza kadi, deni la mteja linakuwaje?

Monica akasema, "Hapa kwetu halibaki, kaka Remigius. Kwenye vitabu vyetu litasomeka sifuri. Ila sasa..."

Sifuri! Kulikuwa na ila, lakini foleni ilikuwa ndefu na mimi si mtu wa kuchosha wafanyakazi. Nikamshukuru, nikatoka. Kadi ina kikomo cha milioni moja. Zimebaki laki sita na elfu kumi za kutumia, na siku ishirini na mbili za kuzitumia. Sijawahi kuwa tajiri hivi. Hata nilipowapandisha mlima wale watalii wanne wa Kijerumani sikuwa hivi, na mmoja wao alirudi siku ya pili akadai arudishiwe nauli.

Jumamosi, 11 Septemba

Kesho mama mkwe, Mama Martha, anatimiza miaka sabini. Sherehe iko nyumbani kwake Kibosho. Shemeji yangu Gidioni, anayevusha mizigo mpakani Holili, amejitangaza kila mahali kwamba atampa mama yake mtamba wa maziwa. Mtamba! Mwaka jana nilipeleka kitenge, na Gidioni alikikunjua mbele za watu akauliza kingine kiko wapi.

Nimeingia duka la vyombo vya umeme, nimenunua friza. Kubwa, jeupe, linaloweza kulaza ng'ombe mzima. Laki tatu na themanini. Muuzaji aliikwaruza kadi kwenye kimashine chake, akapiga simu Dar kuomba ruhusa, ikakubaliwa. Nikatia sahihi kwa mikogo. Nimemwambia Elinipendo kwamba biashara imechanganya.

Jumapili, 12 Septemba

Tumefika Kibosho na friza juu ya gari la kukodi. Vigelegele! Mtamba wa Gidioni akasahaulika migombani. Wazee wakalipapasa friza, mmoja akaligonga kama anayenunua nazi. Mama Martha akanibariki mara mbili.

Kisha Gidioni akauliza, kwa upole wa kinafiki, litachomekwa wapi.

Nguzo za umeme zinaishia parokiani. Kutoka parokiani hadi kwa mama mkwe ni kilometa moja na nusu. Ninajua. Nimepita njia ile miaka kumi na minne. Sijui kwa nini sikukumbuka.

Mama Martha hakutaka kuniaibisha. Akasema lina kifuniko kizuri, atahifadhia maharage, panya hawataingia. Nimekunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, nyingi kuliko ilivyofaa.

Jumatatu, 20 Septemba

Gidioni amekuja mwenyewe mjini. Anataka matairi manne ya pikapu yake, hana fedha ya kutosha. Nilipaswa kumcheka. Badala yake nikapata wazo, tena la ajabu. Nimemnunulia matairi kwa kadi, laki mbili na kumi. Yeye amenipa laki moja na ishirini mkononi. Yeye amepata nafuu, mimi nimepata fedha ya bure, na mwenye kulipa ni marehemu. Nani ameumia?

Gidioni aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia aendeshe pikapu aniachie hesabu. Nimenunua suti ya kijivu. Nikiivaa ninafanana na mtu anayedaiwa mamilioni, na kumbe sidaiwi hata senti.

Ijumaa, 1 Oktoba

Siku ya ukombozi. Asubuhi nimeikata kadi ya zamani kwa mkasi. Mchana nimeikuta kadi mpya kwenye sanduku la posta, inang'aa. Nikamchukua Elinipendo kwenda kula hotelini, mimi na suti yangu. Kuku, ndizi, soda mbili, na keki ambayo hakuiomba. Elfu ishirini na nne.

Mhudumu akarudi na kadi kwenye kisahani. Akaniinamia sikioni akasema Dar wamekataa, kadi imejaa.

Nikapaza sauti: "Kadi imezaliwa leo! Imejaa saa ngapi?"

Meza zote zikageuka. Elinipendo akafungua pochi yake, akahesabu fedha za maziwa, zote noti ndogo ndogo, mbele ya watu.

Jumatatu, 4 Oktoba

Benki mpya imefungua ofisi yake mtaa wa pili tu kutoka ile ya zamani. Nimeingia nikiwa na maneno makali. Kwenye kiti alikuwa ameketi Monica, na blauzi ya rangi nyingine. Kumbe hata yeye amehamishwa pamoja na deni langu.

Laki tisa na elfu themanini. Zote zimefika salama, hakuna hata shilingi iliyodondoka njiani. Nikamkumbusha alichoniambia. Akasema alisema halibaki pale, na kweli halikubaki, limehama na akaunti, na alitaka kunieleza hilo nikawa nimeshafika mlangoni. Kisha akanifungulia barua ile ile, ukurasa wa pili. Imeandikwa wazi, tena kwa herufi nene.

Nimerudi kwa miguu. Suti inabana.

Jumatano, 13 Oktoba

Leo sina hamu ya kujisifu.

Tangazo la kampuni yangu ya utalii lilikuwa kwenye tovuti moja ya wapanda mlima. Malipo yake, dola kumi, yalikuwa yanakatwa yenyewe kila mwezi kwenye kadi. Namba ya kadi ilipobadilika malipo yakagonga ukuta. Wakanitoa. Ukurasa wa tatu wa barua ulinitaka niwajulishe namba mpya wote wanaonikata.

Watalii sita wa Denmark waliokuwa wamekubali kuja Desemba walinitafuta pale, hawakuniona, wakaogopa kwamba mimi ni tapeli. Wamechukua kampuni nyingine. Wageni sita! Wangelipa deni lote na chenji ikabaki.

Nimemweleza Elinipendo kila kitu, hata matairi. Nilitarajia sufuria ya kichwa. Aliniuliza tu, taratibu, kama ningemwambia mapema ningepungukiwa nini. Amevaa viatu, tumekwenda wote kwa Monica. Yeye ndiye aliyeongea. Tutalipa elfu themanini kila mwezi kutoka kwenye maziwa. Mimi nitakata majani ya ng'ombe wetu kule Shirimatunda kila alfajiri.

Ijumaa, 22 Oktoba

Juzi nimeuza friza. Mama Martha mwenyewe ndiye aliyesema nilichukue. Alikuwa ameshahamishia maharage kwenye magunia nilipofika, na hakuniacha niombe radhi. Gidioni akalinunua kwa laki moja na nusu, akisema amenionea huruma. Leo nimesikia ameliuza Holili kwa muuza samaki kwa laki nne. Mtamba naye ana mimba. Sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, 31 Oktoba

Nimeamka mtu mpya. Kuna tangazo gazetini! Benki nyingine, imeingia nchini juzi juzi, inawaomba watu wenye madeni ya kadi wayahamishie kwake, na miezi mitatu ya kwanza haitozi riba.

Sasa nimeelewa kosa langu. Deni langu lilihamishwa mara moja tu, tena na watu wengine. Mtu akilihamisha mwenyewe, kila baada ya miezi mitatu, benki moja hadi nyingine, nani atakumbuka lilianzia wapi? Na benki zinafunguliwa kila siku.

Elinipendo yuko ibadani. Fomu nimeshaijaza. Wanataka mdhamini mwenye mali isiyohamishika, nimemwandika Mama Martha, na kihamba chake chote, shamba la ukoo la kahawa.

Mama mkwe nitamjulisha Krismasi.