Fumbua, Ameshaondoka

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Leo nimezomewa na ukumbi mzima wa sinema. Watu wenye bisi mdomoni! Watu wanaopiga makofi kila jengo likianguka!

Niandike kwa utaratibu, maana hasira inanikimbiza. Meneja wa sinema ameanzisha mtindo mpya. Filamu ya mchana ikiisha, kipaza sauti kinazungushwa, kila mtazamaji anasema alivyoiona. Mtangazaji wa redio anakaa safu ya nyuma, anasikiliza. Anatafuta mtu wa kuzungumzia filamu hewani kila Ijumaa. Mtu huyo ni mimi. Kwangu jambo hili liko wazi. Bado yeye tu.

Filamu ya leo: shujaa anayeruka angani. Anaokoa daraja, anaokoa meli, kisha anapigiwa simu kwamba mama yake yu mahututi. Anafika hospitali, kitanda kitupu. Shuka limeshakunjwa. Ukumbi mzima ukaanza kuvuta kamasi.

Nikashika kipaza sauti. Nikauliza swali la mtu mwenye akili zake: kiumbe anayeipita risasi anachelewaje hospitali? Kulikuwa na foleni mawinguni? Nikasubiri makofi. Nikapata "Uuuuu!" na bisi la sikio.

Kisha akasimama shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi makochi. Mtaani tunamwita Bonge. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni. Akasema, "Hata mimi nilichelewa." Akakaa. Basi! Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Maoni gani hayo? Hata jina la filamu hakulitaja!

Mke wangu hakunisemesha njia nzima. Bila shaka imemuuma nilivyodhulumiwa.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Bado kimya. Nikaona labda hakuielewa hoja yangu. Nikamfuata jikoni nikamweleza upya, sufuria ikiwa hospitali, mwiko ukiwa shujaa. Mwiko ulifika kabla sijamaliza sentensi. Ushahidi kamili! Akaupokea mwiko, akauosha, akautundika.

Mama yao alifariki mwaka jana. Walipigiwa simu, wakaenda mbio yeye na Bonge, wakakuta kitanda kitupu. Kwa hiyo nikamkumbusha, kwa upole kabisa, kwamba ya jana ilikuwa filamu tu. Akasema anajua kuwa ilikuwa filamu. Alivyolitamka hilo neno "filamu" sikupenda.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Kazini. Mimi huchonga lenzi za miwani kwenye duka la mpima macho. Kazi ya watu makini. Leo kwenye benchi la wateja alikaa nesi mstaafu, akawa anasema yeye hupenda sana filamu za kutisha. Eti ni mahali pekee ambapo mtu mzima anaweza kupiga ukelele asiulizwe ana nini. Nikatoka chumba cha mashine kumwambia kwamba hayo si maoni, ni dalili za ugonjwa. Bosi akanishika bega akanirudisha ndani.

Jumamosi ijayo ni filamu ya kutisha. Hapa nina kasoro ndogo, naiandika kwa kuwa karatasi haina mdomo. Mimi hufumba macho. Tangu enzi za uchumba. Ajuaye ni mke wangu peke yake. Huninong'oneza sikioni: ameingia, yuko mlangoni, tulia, tulia, fumbua, ameshaondoka. Kwa sauti ile nimetazama filamu za kutisha nyingi kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, na sijamwona jini hata mmoja.

Lakini ametangaza kwamba safari hii atakaa na kaka yake. Sawa. Na akae. Nina ufundi wangu.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Nimejichongea miwani. Lenzi nyeusi tii! Aliye nje hawezi kujua kama macho yangu yako wazi au yamefungwa. Nitakaa safu ya mbele, uso juu, mikono kwenye magoti, kama jaji. Watasema, tazama yule, hata kope hapepesi.

Nimeijaribu dukani. Nikapita mbele ya bosi macho nimeyafumba, akanisalimu kama kawaida. Ushindi! Hatua iliyofuata nikaingia kwenye kabati la fremu. Zilinimwagikia zote. Bosi akauliza kama nimelewa. Nikamjibu kwamba nafanya utafiti. Akasema basi niuendeleze huko huko chini, nikiokota.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Naandika hata viatu sijavua.

Filamu: mwanamke aliyekufa anarudi kwenye nyumba yake. Nilikaa mbele, miwani usoni, macho nimeyabana. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Muziki ukipanda, mzimu yupo. Watu wakipiga kelele, ametokea. Wakicheka kidogo, ameondoka. Masikio tu yanatosha!

Lakini muziki haukupanda. Hakuna aliyepiga kelele. Kimya kirefu, kirefu mno. Nikafikiri mtambo umeharibika. Nikatamani kusikia mnong'ono wa mtu fulani. Sikusikia kitu.

Taa zikawaka. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikasema filamu ni dhaifu, imetudanganya, mzimu wenyewe hakutokea hata mara moja. Nikasema wazi kwamba nilikodoa macho mwanzo hadi mwisho.

Hapakuwa na kelele. Afadhali wangenizomea. Mtangazaji akasogea mbele akaniuliza taratibu, yule mwanamke aliyesimama akitutazama usoni, kimya, muda wote ule, alikuwa amevaa nini? Nikajibu nguo nyeupe. Mizimu yote huvaa nyeupe!

Alikuwa amevaa koti la mvua, la manjano.

Walicheka mpaka meneja akaja kuchungulia. Mtu mmoja alikuwa ameegemea ukuta, anashika mbavu.

Subiri, sijamaliza. Akasimama Bonge. Mwanamume yule mzima, mabega kama kabati, akasema mbele za watu kwamba hakuona chochote. Alijifunika uso kwa mtandio wa dada yake, akasimuliwa. Makofi! Mimi nafanya hivyo hivyo miaka yote, kwa siri na kwa heshima, nachekwa. Yeye anajianika, anapigiwa makofi!

Mtangazaji akamgeukia mke wangu. Alimsimulia vipi? Mke wangu akaona haya, akakataa, watu wakambembeleza. Akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti. "Ameingia," akasema kwa ile sauti ya chini. "Amesimama. Hakufanyi kitu, anakutazama tu. Tulia. Nipo hapa." Ukumbi wote tuli. Mtu hakutafuna. Nikajikuta nami nimefumba macho.

"Fumbua," akasema. "Ameshaondoka."

Wamemchukua yeye. Kila Ijumaa, redioni. Sauti ile ilikuwa yangu. Leo imegawiwa mji mzima.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Nimemsamehe. Asubuhi nikamwambia nipo tayari kuwa mshauri wake. Mimi nitafikiri, yeye atatamka. Nikamwekea na kiti.

Hakukaa. Akaniambia, "Miaka yote hii tunatoka sinema pamoja, wewe hujaniuliza hata siku moja mimi nimeionaje."

Lawama ya ajabu. Tulikuwa ukumbi mmoja, kiti kwa kiti, filamu ile ile! Nimuulize nini? Nikamweleza hivyo. Akaingia chumbani.

Alitoka na begi. Anaenda kukaa kwa Bonge kwa siku kadhaa. Ni kwa sababu ya kazi, nyumba ya Bonge iko karibu na redio. Ukiipima vizuri haiko karibu. Lakini ni kwa sababu ya kazi.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Nilipita karakana ya Bonge, kwa bahati tu, mara kadhaa. Alikuwa anapiga misumari kwenye kochi. Nikamuuliza kama dada yake ametuma ujumbe wowote. Akasema, "Shemeji, nenda ukaongee naye." Nikamjibu kwamba nimeongea naye sana, tatizo si upungufu wa maneno yangu. Akarudi kwenye misumari yake. Mtu hana hoja.

Chai ya nyumbani imekuwa chungu. Nashuku sukari ya siku hizi.

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Siku yake ya kwanza hewani. Bosi alizima mashine ili wateja wasikilize. Nesi mstaafu alikuwepo, amekuja kuchukua miwani yake.

Mke wangu hakuanza na ya kutisha. Alianza na yule shujaa. Akasema siku ile hakumwona shujaa kabisa, alimwona mama yake. Akasema mtu akikimbia kwa nguvu zake zote na bado akachelewa, hahitaji kuelezwa sababu. Anahitaji mtu wa kukaa naye. Akasimulia lile shuka lililokunjwa, na shujaa amesimama, joho lake la buluu limelowa maji.

La buluu!

Nikapiga simu. Ikaingia. Mtangazaji akauliza anaongea na nani, nikasema mtaalamu mmoja wa mambo ya macho, ninayo marekebisho. Joho halikuwa la buluu. Lilikuwa la kijani.

Ikaja ile sauti ya chini.

"Umekula?"

Nikamwomba asitoke nje ya mada.

"Nauliza, umekula?"

Nikamwambia, hewani, watu wote wakisikia, kwamba hapa linalojadiliwa ni rangi. Simu ikakatika.

Dukani hakuna aliyenitazama. Bosi akawasha mashine polepole. Nesi mstaafu akavua miwani yake mipya, akaifuta, akatoa kipande cha mkate mkobani, akakiweka kwenye meza yangu.

Nikakila. Kituo kizima cha redio, na hawakuwa na la kujibu!