Mifupa ya Bata Mzinga Niliyoikataa Mara Mbili

Barabara ya Ziwani,
Vesterdal, Minnesota.
Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani.

Kwa Mhariri,
Gazeti la Mwangwi wa Vesterdal.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUKOSA MIFUPA YA BATA MZINGA KWA SABABU YA KUULIZWA MARA MBILI TU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba theluji ya jana haikuuziba mlango wako kama ilivyouziba wangu. Mimi ni msomaji wako wa miaka arobaini na mitatu. Sijawahi kukuandikia kulalamika, hata mwaka ule mlipochapisha picha yangu nimeshika samaki mkaandika chini yake jina la Verlyn Boe. Nilinyamaza, maana samaki wapo wengi. Lakini yaliyotokea Alhamisi iliyopita, siku yenyewe ya Sikukuu ya Shukrani, yamenifika hapa kooni, na mtu akinyamazia kila jambo mwishowe watu humkalia kichwani.

Jina langu ni Arvid Lindvall, umri miaka sabini na minne, mstaafu wa kiwanda cha siagi. Mke wangu, Ardis, alifariki miaka mitatu iliyopita. Aliniachia nyumba, mwana mmoja aitwaye Curt, na chungu cha umeme cha rangi ya kahawia, kile cha kupika polepole kutwa nzima. Kila Ijumaa inayofuata Sikukuu ya Shukrani, Ardis alikuwa akiitia humo mifupa ya bata mzinga saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na kitunguu, karoti na seleri, na mchele mwitu akiutia mwishoni. Saa kumi na moja jioni watu walikuwa mezani kwetu wanakunywa supu. Tangu aondoke, naipika mimi. Ndicho chakula pekee ninachokiweza. Na kusema kweli, ndiyo siku pekee katika mwaka mzima ambapo viti vyote vya meza yangu hukaliwa. Siku nyingine watu hunialika kwao. Ni wema wao, nashukuru, lakini kualikwa na kualika ni vitu viwili.

Sasa mwaka huu Curt ameoa. Mkewe, Rosalba, ametoka New Jersey. Ni muuguzi, mchapakazi, ana kicheko kizuri, na alimwoka bata mzinga mwenyewe, nyumbani kwao, kwa ustadi ambao sikuutarajia. Kwa desturi, aliyeoka ndiye mwenye mifupa, na ndiye huamua ampe nani. Hilo silipingi. Sina neno baya juu ya Rosalba isipokuwa haya yafuatayo.

1. Tulipomaliza kula, alikuja na sinia la mifupa mpaka mbele yangu. Kifua kilikuwa kizima, na nyama imebaki mbavuni, ya kutosha watu sita. Akaniuliza kwa sauti ya watu wa kwao, ambao huzungumza na mtu wa karibu kana kwamba yuko ng'ambo ya barabara: "Baba, mifupa hii unaitaka?"

Nikajibu kama nilivyolelewa: "Aa, usijisumbue, mwanangu."

"Kweli huitaki?"

"Mtaitumia nyinyi wenyewe."

Ndugu Mhariri, kila aliyezaliwa katika kaunti hii anajua nilichosema hapo. Nilisema: ndiyo, naitaka sana, naiwaza tangu Septemba, tafadhali endelea kuuliza. Hapana ya kwanza ni adabu. Hapana ya pili ni kumpa mwenye kitu nafasi ya kujirudi. Ya tatu ndilo jibu, na mimi nilikuwa nimeshalitayarisha. Jibu langu lingekuwa, "Haya basi, kama itaharibika tu." Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kunyanyuka kutoka mapajani. Rosalba akasema, "Sawa, baba," akageuka na sinia lake, akaenda zake jikoni.

2. Curt alikuwepo. Huyu si wa New Jersey. Huyu nimemlea mimi, akajifunza kukataa keki kabla hajajifunza kufunga kamba za viatu. Nilimtazama. Hakuelewa. Nikakohoa kwa maana. Akaniletea maji.

3. Haijapita robo saa, mlango ukagongwa. Alikuwa Verlyn Boe, jirani yangu kwa miaka thelathini na moja sasa, amekuja kurudisha ngazi ya Curt. Nakuachia wewe mwenyewe uamue ni mtu gani anayerudisha ngazi siku ya sikukuu, wakati pai ziko mezani. Rosalba akamtolea furushi lililofungwa kwa karatasi ya aluminiamu. Nililiona kwa macho yangu kutoka kwenye kochi. Akamwambia, "Chukua hii, Verlyn." Naye Verlyn akasema, "Asante."

Mara ya kwanza. Hakuuliza kama wenyewe hawaihitaji. Hakusema ametoka kula. Huyu ni Verlyn aliyebatizwa na kupata kipaimara katika Usharika wa Bethania, mtu wa besi kwenye kwaya. Marehemu baba yake, mwaka wa theluji kubwa, alisimama mlangoni petu akisubiri kukaribishwa mara ya tatu mpaka masikio yakaganda, kwa kuwa mama yangu alikuwa amekwenda kuitazama mikate kati ya karibu ya pili na ya tatu. Mzee yule hakulalamika. Alivaa kofia mpaka anakufa. Mwanawe amepewa mifupa yangu, akasema asante, akaondoka.

4. Ijumaa ilifika. Kwa kuwa jiko la Verlyn linatazamana na dirisha langu, nilisikia kwa masikio yangu sufuria ya presha ikipiga mluzi. Kwa dakika arobaini! Supu inayohitaji saa kumi na moja za moto mdogo, huyu anaimaliza kabla redio haijatangaza hali ya hewa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nami naongeza kwamba haina hata ladha. Ardis alikuwa na amri moja tu jikoni mwake: mfuniko usiinuliwe. Kila ukiinua, alisema, umeirudisha supu nyuma nusu saa. Nimemwona Verlyn Boe akiinua mfuniko wa chungu cha kanisa mara nne kabla ya mahubiri.

Mimi siku hiyo nilikiosha chungu cha Ardis, nikakikausha, nikakiweka mahali pake. Nikapanga viti sita kwa mazoea. Baadaye nikakata kitunguu kimoja, nikakitia chunguni na maji, nikakiwashia moto mdogo kutwa nzima, ili nyumba inukie kitu. Jioni nilikula. Nilikula peke yangu, na sitaki kulizungumzia zaidi. Simu haikulia. Ni wazi hakukuwa na sababu ya mtu yeyote kuja, maana watu huja kwa supu, na supu ilikuwa kwa jirani.

5. Labda utaniambia, mzee Arvid, mifupa tu hiyo. La hasha. Mwaka nilipoanza kazi kiwandani, Ardis alikuwa msaidizi wa kantini. Aliniuliza kama nataka kahawa, nikasema hapana, asante. Akauliza tena, nikasema asijisumbue. Akauliza mara ya tatu, nikasema nusu kikombe, kama ipo tayari. Miezi kumi na minne baadaye tulifunga ndoa. Sasa chukulia kwamba Ardis angekuwa anauliza kama Rosalba. Nisingepata kahawa. Nisingemwoa. Curt asingezaliwa. Rosalba angeolewa na mtu mwingine huko New Jersey, asingemwoka bata mzinga hapa Vesterdal, na hiyo mifupa ya kumpa Verlyn asingekuwa nayo. Kwa hiyo Rosalba ameitumia mifupa iliyopatikana kwa kuulizwa mara tatu kuiangamiza desturi yenyewe ya kuuliza mara tatu. Nimelifikiria jambo hili tangu Ijumaa na sijaona tundu ndani yake.

Ndugu Mhariri, kwa heshima zote, naomba gazeti lako likemee kwa niaba ya wote wanaoumia kimya kimya. Halmashauri ya kaunti ipitishe kanuni kwamba kitu chochote cha kuliwa kiulizwe mara tatu, ya tatu mwenyeji akiwa amemshika mgeni kiwiko. Wakwe wote wanaotoka nje ya jimbo wafanye mtihani kabla ya kukabidhiwa kisu cha kukatia bata mzinga. Mtihani uwe wa mdomo, na swali moja tu: mzee akisema usijisumbue, utafanya nini? Anayejibu "sitajisumbua" arudishwe akasome. Kwenye barabara kuu, pale mpakani, lisimamishwe bango kubwa lenye maneno ULIZA TENA. Sufuria za presha zikusanywe Alhamisi ya sikukuu kabla ya jua kuzama na zirudishwe Jumamosi. Kuhusu Verlyn Boe, sitaki aonewe. Asimame tu mbele ya usharika Jumapili tatu mfululizo, apewe keki, na asiruhusiwe kuipokea mpaka Jumapili ya tatu. Na kama haya yote yataonekana mazito kwa viongozi wetu, basi Sikukuu ya Shukrani yenyewe isimamishwe kwanza mwakani, mpaka watu watakapofundishwa namna ya kushukuru.

Najua nafasi gazetini ni finyu, hasa wakati huu wa matangazo ya mauzo ya matairi ya theluji. Kama huwezi kuichapisha barua hii, wala usijisumbue. Nitaelewa kabisa. Hata ukiniuliza mara ya pili nitakuambia hivyo hivyo.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, yule dada wa matangazo ya vifo, ambaye alimwandikia Ardis maneno mazuri sana, fundi wa mtambo, na paka wa ofisini. Nisalimie Mchungaji na mama Mchungaji, akina mama wa jiko la Bethania, na kwaya nzima kuanzia soprano hadi sauti ya teno. Besi wasalimie wote pia, isipokuwa mmoja, ambaye mpe ishara ya kichwa tu.

Wako katika kuitetea adabu,

Arvid Lindvall

Tanbihi. Leo ni Jumanne, nami nimeifungua tena bahasha kwa mvuke wa birika.

Jana nilitoka kwenda posta, na gari likakwama kwenye theluji kabla sijafika barabarani. Nikafungua buti kutafuta koleo. Humo nililikuta sinia la mifupa ya bata mzinga, limefungwa vizuri, limeganda kama jiwe, kwa kuwa baridi haijalegea tangu Alhamisi. Kwa siku nne nimekuwa nikiendesha nayo. Nimekwenda nayo kanisani, na mara mbili dukani. Juu yake kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wa Rosalba: "Baba, kwetu hatubishani na mzee, tunamwekea kwenye gari. Ijumaa tuje saa ngapi? Tupigie."

Nilimpigia Curt. Ijumaa walikaa na viatu miguuni mpaka saa moja jioni, wakisubiri simu yangu. Rosalba alitaka waje tu, Curt akamzuia, akamwambia, "Kwa baba hatujialiki, baba ataita mwenyewe." Nikamuuliza kuhusu furushi la Verlyn. Ilikuwa pai ya maboga. Kilichokuwa kinapiga mluzi jikoni kwake Ijumaa ni maharage, nayo aliyala peke yake, dirisha kwa dirisha na mimi.

Nimekaa na jambo hili usiku kucha, Ndugu Mhariri. Mimi nimekuandikia kurasa nne kwa kuwa niliulizwa mara mbili tu. Wao, sikuwauliza hata mara moja. Nimeona haya mpaka masikio yamewaka.

Mifupa imo chunguni tangu saa kumi na mbili, na mfuniko haujaguswa. Rosalba nimempigia, akasema ndiyo kabla sijafika kwenye neno supu. Barua hii naituma kwa kuwa stempu nimeshaibandika, lakini nakuomba ufute namba moja hadi tano pamoja na maombi yote, uchapishe salamu peke yake.

Verlyn nilimwita asubuhi kutoka uani, aje tunywe supu. Akasema nisijisumbue. Saa nne nikamwita tena, akasema amebakiwa na maharage. Sasa ni saa sita mchana, na supu ni saa kumi na moja. Navaa viatu, naenda kumwuliza tena.