Kuku wa Kuonyesha Kamati

Jumatatu, 4 Machi
Kamati ya chama cha akiba na mikopo inakuja Alhamisi kukagua mradi wangu wa kuku. Kuku gani? Mkopo ule nilinunulia koti la ngozi. Koti la heshima! Balaa ni kwamba mdhamini wangu ni mke wangu. Mradi ukipita, naye anapewa mkopo wa cherehani aachane na kuchuma chai, maana mgongo umemwisha. Usipopita, akiba yake inalipa deni langu. Yeye anaamini kuku wako kwa mama yangu wanatotoa. Na kwenye kamati yumo shemeji, kaka yake, fundi baiskeli. Alikopa akanunua vipuri, sasa ana kibanda cha mabati. Anajiona!

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Mjane jirani ana kundi la kuku na mchana kutwa yuko shambani. Pumba kidogo tu, watahamia kwangu. Kila mmoja kafungwa kitambaa chekundu mguuni, alama ya mwenyewe. Nitavikata. Akili ni mali.

Alhamisi, 7 Machi
Mchana kuku wote uani kwangu, wametulia kama wageni wa harusi. Kamati haionekani. Mvua! Walifika jua linazama, matope hadi magotini. Mke wangu akarudi na kikapu chake, akawaona kuku, akacheka kwa furaha. Siku nyingi sijamsikia akicheka hivyo. Roho iliniuma, lakini kidogo.

Mweka hazina akasifu afya yao. Shemeji akauliza wanalala wapi. Nikaonyesha banda. Hapo hapo jogoo akanyoosha shingo, akatoka uani, akashika njia ya kwa mjane. Wengine nyuma yake. Jioni ni jioni, kila kuku kwao! Niliita, nikamwaga pumba, nikapiga magoti. Wapi! Kamati nzima ikawafuata. Mjane alikuwa mlangoni anauliza nani kawavua kuku wake vitambaa. Nikatoa leso nijifute jasho. Vitambaa vyote vikadondoka kutoka mfukoni mwa koti.

Ijumaa, 8 Machi
Akiba ya mke wangu imekatwa yote. Mkopo wa cherehani kapewa aliyefuata kwenye foleni: mjane! Mke hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alfajiri kajifunga kanga mgongoni, kabeba kikapu, kaenda kuchuma. Shemeji alikuja. Nikajiandaa kupigwa. Kumbe alisema nikafanye kazi kibandani kwake, mshahara uende kwenye akiba ya dada yake. Mimi? Nimwoshee minyororo? Nimemwambia nitafikiria.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu kaanza kuweka akiba upya, kama mtu aliyejiunga jana. Anasema atafika. Usiku anageuka kitandani kwa shida, anaguna. Naona aibu, si utani. Nimelia, nimejifuta kwa mkono wa koti. Kisha nikakaa kitako nikachunguza kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Kosa lilikuwa kuku.

Safari ijayo nitaomba mkopo wa mbuzi. Mbuzi anafungwa kamba.