Mshipa wa Madini Chini ya Nyumba ya Mama Mkwe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli hii, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Tendaji, Kamati Shirikishi na Kamati ya Kuratibu Kamati, wakuu wa idara mbalimbali pamoja na madereva wao, wawekezaji, ambao viti vyao mnaviona hapa mbele vikiwa vitupu kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu, mama mkwe wangu mpendwa, uliyeketi mstari wa kwanza na mkoba wako mapajani, wananchi mliosimama juani, itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka kwenye hema.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, kuzindua Mradi Mkakati Jumuishi wa Uvunaji Endelevu wa Mshipa wa Madini, mradi ambao fizibiliti yake, rodimapu yake na bajeti yake vimekamilika kwa asilimia mia moja na kumi, na hiyo kumi ya juu ni bidii yangu binafsi. (Makofi. Dereva mmoja anapiga honi.)

Wapo wanaouliza huo mshipa ni kitu gani. Nitawaeleza kisayansi, maana nilikwenda semina. Hapo kale, kabla hata ya ofisi yangu kuanzishwa, chini ya mlima huu palikuwa na uji wa moto wa mawe, ukapoa, ukawa mwamba. Mwamba huo ukazikwa, ukakandamizwa, ukapashwa joto upya pasipo kuyeyuka, mpaka chembe zake zikajipanga vingine na ukawa mwamba mpya kwa sura na tabia, yaani ulifanyiwa restrakcha bila mtu kupunguzwa kazi. (Kicheko kwenye hema.) Kisha ardhi ikatikisika, mwamba ukapasuka, na maji ya moto mno kutoka kilindini, yaliyobeba madini yaliyoyeyuka ndani yake kama chumvi kwenye mchuzi, yakapanda kupitia nyufa hizo, na kadiri yalivyopanda yakapoa, mgandamizo ukapungua, yakashindwa kuubeba mzigo, yakaubwaga kwenye kuta za ufa, tabaka juu ya tabaka, kama ule utando mweupe unaoganda ndani ya birika, mpaka ufa ukaziba. Huo ndio mshipa: jiwe jeupe, na ndani yake, mkibahatika, dhahabu. (Minong'ono. Mtu nyuma: "Tueleze nyumba zetu.") Nakuja hapo, ndugu yangu, usiwe na pupa.

Ushahidi ni huu hapa mezani, juu ya kitambaa cheupe, chini ya ulinzi wa askari. Jiwe hili lenye mstari mweupe na chembe za njano nililiona kwa macho yangu sebuleni kwa mama mkwe, likizuia mlango usibamizwe na upepo. Mtu wa kawaida angeona kizuizi cha mlango. Mimi niliona uchumi wa taifa. Palepale, chai ikiwa bado mkononi, nikapiga simu. Jiwe liko ndani ya nyumba, kwa hiyo mshipa uko chini ya nyumba. Hilo halihitaji shahada. Ndipo tukaibomoa nyumba ya mama, na kwa kuwa mshipa haujui mipaka ya viwanja, tukabomoa na za majirani mpaka kule kwa fundi viatu. (Wananchi wanatazamana.) Naona mmezidiwa na hisia.

Dada yetu mtaalamu wa miamba amechimba na kuleta ripoti kwamba mwamba wa hapa ni kweli ulitokana na moto, na ni kweli uligeuka, ila haukupasuka; pasipo ufa maji hayana pa kupita, na yasipopita hakuna mshipa. Nimeipokea ripoti hiyo kwa moyo mkunjufu. Kutopasuka kwa mwamba tunakuchukulia kama changamoto, na tayari nimeunda kamati ndogo ya kuuhamasisha. (Dada mtaalamu anainamisha kichwa. Mama mkwe anasimama. Analetewa kipaza sauti, anakisukuma kando. "Mwanangu, jiwe hilo alikuja nalo marehemu baba mkwe wako kutoka kwenye kazi ya barabara, mbali huko. Alipenda linavyong'aa. Ungeniuliza tu ningekwambia. Si ulikuwa unakunywa chai yangu?")

Asante, mama, mchango wako umepokelewa na utaingizwa kwenye kumbukumbu. Sasa wote kwa pamoja: mshipa oyee. (Dereva: "Oyee.") Chini kuna utajiri. (Mtu nyuma: "Juu hakuna nyumba.")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wachimbaji wa mgodi huu, ambao wataajiriwa pindi mgodi utakapokuwepo. Nawashukuru wawekezaji, ambao wangekuja kama tungewapata. Namshukuru dereva wa tingatinga, ambaye katika mradi huu wote ndiye pekee aliyefanya kazi. Na zaidi ya wote namshukuru mama mkwe wangu kwa kutuazima kielelezo. Kwa kuwa ofisi yangu haijapata kumdhulumu mtu, naagiza hapa mbele yenu arudishiwe mali yake leo hii. (Askari anamkabidhi jiwe. Mama mkwe analipakata, anageuka kutazama kifusi.) Lirudishe palepale lilipokuwa, mama, mlangoni.

(Mama mkwe: "Mlango upi, mwanangu?")

Asanteni sana kwa kunisikiliza.